Imepimwa, Ikapita, na Ufa Bado Ulikuwa Ndani

Kwetu kwa ploti kuna ngazi ya kwenda orofa ya pili. Mwaka juzi mwenye nyumba aliamua kuipamba. Akaleta fundi wa welding, fundi akaleta mabomba ya stenlesi, yale yanang'aa kama kioo cha simu mpya, akayachomelea juu ya nguzo za chuma cha kawaida zilizokuwa hapo tangu zamani. Akapiga grainda, akapaka rangi ya fedha kwenye maungio, akalipwa, akaenda. Wasee tulipiga selfie hapo, usicheke.

Miezi michache baadaye, jirani mmoja alishika reli hiyo akiwa amebeba mtungi wa maji wa lita 20, na reli ikaachia. Hakuanguka, Mungu ni mwema, lakini mtungi uliteremka ngazi zote hadi chini. Tulipoangalia pale palipoachia, tukakuta rangi ya fedha ilikuwa imefunika kutu na ufa. Na huo ufa haukuwa wa jana. Nusu ya mpasuko ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani, nusu nyingine ilikuwa inang'aa, mpya kabisa. Manze, tulikuwa tunapanda na kushuka tukishikilia kitu kilichokuwa kimeshavunjika nusu, na hakuna aliyejua.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja kichwani: utajuaje chuma kina ufa ndani kabla hakijakuachia? Nikaanza kusoma, na nikaishia mahali sikutarajia kabisa, kwenye vinu vya nyuklia vya Marekani. Leo nataka tupitie historia hiyo pole pole, kwa sababu nadhani inatuhusu kuliko tunavyofikiria.

Ndoa ya vyuma viwili

Tuanze na hii maneno ya vyuma viwili. Chuma cha kawaida ni bei nafuu na kina nguvu, lakini kinashika kutu. Stenlesi imechanganywa na kromiamu, na mara nyingi nikeli, kwa hivyo haishiki kutu kirahisi, lakini bei yake inauma. Basi viwanda hufanya kama mwenye nyumba wetu: chuma cha kawaida pale pa kubeba mzigo mkubwa, stenlesi pale panapopita maji moto au kemikali. Mahali fulani lazima hivyo viwili vikutane, na vikikutana, ni welding.

Shida ni kwamba havitanuki sawa. Chukua bomba la mita 1 la kila aina, ulipashe mpaka joto lake lipande kwa nyuzi 300 za selsiasi. La chuma cha kawaida litarefuka kama milimita 3.6. La stenlesi litarefuka zaidi ya milimita 5. Sasa viunganishe, halafu uwashe na kuzima mtambo mwaka baada ya mwaka. Kila mara mmoja anavuta, mwingine anakataa, na anayeumia ni mshono ulio katikati.

Kwenye kinu cha nyuklia hali ni kali zaidi. Katika aina ya kinu iliyoenea kuliko zote duniani, maji yanayotoka kwenye moyo wa mtambo yana joto la zaidi ya nyuzi 300, na hayachemki kwa sababu yamebanwa kwa presha inayozidi mara 70 ile ya tairi la gari dogo. Pipa kubwa linalobeba nishati hiyo yote ni la chuma kizito cha jamii ya chuma cha kawaida. Mabomba yanayotoka kwake mara nyingi ni ya stenlesi. Wahandisi wa zamani walijua ndoa hii ni ngumu, kwa hivyo wakatafuta mshenga: madini ya kujazia mshono yaliyotengenezwa hasa kwa nikeli. Kutanuka kwake kuko katikati ya vyuma hivyo viwili, na kutu haimsumbui. Kwenye karatasi, mambo yalikuwa safi.

Kumbuka huyo mshenga. Ndiye atakayetuletea shida.

Jinsi watu walivyojifunza kuona ndani ya chuma

Zamani, kipimo kilikuwa nyundo na sikio. Mafundi wa reli walikuwa wanapita kando ya treni wakigonga magurudumu. Gurudumu zima lilia kama kengele, lililopasuka lilitoa sauti ya sufuria mbovu. Ni mbinu nzuri, lakini haiwezi kukuambia ufa uko wapi wala una kina gani.

Mwaka 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen akagundua eksirei. Watu wengi tunajua ile picha ya mkono wa mke wake, na pete kwa kidole. Kile hatuambiwi sana ni kwamba alipiga pia picha ya bunduki yake ya kuwindia. Yaani toka siku za kwanza kabisa, eksirei ilikuwa inaangalia mifupa na vyuma. Lakini ina udhaifu wake. Inaona vizuri shimo au kiputo cha hewa ndani ya mshono, ila ufa mwembamba kama uzi, ulioelekea vibaya, unaweza kuupita kama haupo.

Mwaka 1928, Sergei Sokolov wa Leningrad akapendekeza kitu tofauti: tumia sauti. Pitisha ndani ya chuma sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu halisikii, uone kama kuna kitu kinaizuia. Kisha Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan akaipeleka mbele. Yeye alituma mpigo mfupi wa sauti ndani ya chuma na kungoja mwangwi urudi. Sauti inasafiri karibu kilomita 6 kwa sekunde ndani ya chuma, kwa hivyo ukipima muda wa mwangwi unajua umetoka umbali gani. Mwangwi wa ukuta wa nyuma unarudi mahali pake. Ukiona mwangwi mwingine umewahi kabla ya huo, kuna kitu katikati. Firestone alipata hataza ya kifaa chake mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto.

Na hii ndiyo sehemu niliyoipenda. Mwaka 1955, daktari wa wanawake kule Glasgow, Profesa Ian Donald, alipakia vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa wake akavipeleka kwenye kiwanda cha boila, Babcock & Wilcox, mjini Renfrew. Walikuwa na kifaa cha kutafuta nyufa kwa chuma. Akavipima, pamoja na kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia, na akaona kifaa kinatofautisha kivimbe chenye maji na kivimbe kigumu. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha matokeo yao kwenye jarida la The Lancet. Kwa hivyo ile picha ya mtoto tumboni ambayo dadako ameweka kwa status, mizizi yake ni vifaa vya kukagua vyuma. Sikuwa najua. Nilidhani mambo yalianza hospitali yakaenda kiwandani.

Taa kali kwa ukungu wa Limuru

Sasa kama ultrasaundi inaona mtoto, mbona isione ufa kwa mshono wa vyuma viwili?

Chuma cha kawaida kina punje ndogo ndogo. Sauti inapita humo vizuri, kama gari kwa lami. Lakini madini ya nikeli au stenlesi yakiyeyushwa na kupoa kwenye mshono, punje zake hukua ndefu na kujipanga kuelekea upande mmoja, kama mabua kwa shamba la mahindi. Sauti ikiingia humo inapinda. Ukiilenga kushoto, inaweza kutokea kulia kidogo. Nyingine inatawanyika na kurudi kwa vipande, na kioo cha mpimaji kinajaa vimwangwi vingi vidogo. Ufa uko humo kati yao, lakini upi ndio ufa?

Ukiwahi kupita Limuru usiku wakati wa ukungu utaelewa. Dereva akiwasha taa kali, anaona ukuta mweupe tu, kwa sababu ukungu unamrudishia mwanga wake mwenyewe. Lazima ashushe taa. Wapimaji nao hushusha. Wanatumia sauti nzito kidogo, inayopita vizuri kati ya punje, na vifaa vyenye upande mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea. Lakini kuna bei ya kulipa, kwa sababu sauti nzito haioni vitu vidogo sana. Unapata kuona mbali, unapoteza kuona kwa makini.

Kwa hivyo mpimaji wa mshono kama huo hasomi jibu kwenye mashine. Anatafsiri. Na mtu anayetafsiri anaweza kukosea.

Wapimaji wapimwe

Miaka ya 1970, nchi kadhaa za Ulaya na nyingine ziliungana kwenye mradi ulioitwa PISC. Wazo lilikuwa rahisi na la kikatili kidogo. Tengeneza vipande vinene vya chuma chenye mshono, ficha kasoro ndani, vizungushe kwa timu za wapimaji wa nchi mbalimbali, kila timu iandike imeona nini. Mwishowe kata vipande hivyo na uangalie ukweli.

Matokeo yalitia aibu. Timu zilipishana vibaya sana, na kuna kasoro kubwa zilizoonwa na wengine na wengine wakazipita. Vifaa havikuwa mbali sana, chuma kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana zaidi ni namna ya kupima na mkono wa aliyepima.

Halafu mwaka 1982, kwenye mtambo wa Nine Mile Point, jimbo la New York, maji yakaonekana yakivuja kwa mshono wa bomba la stenlesi. Mishono hiyo ilikuwa imepimwa kwa ultrasaundi miezi kadhaa nyuma, na ripoti ilikuwa safi. Serikali ya Marekani ikaamka. Ikasema: timu yoyote inayotaka kupima mabomba haya, kwanza ije ionyeshe inaweza kuona nyufa za kweli kwenye vipande vya mtihani. Wataalamu wenye uzoefu wakakaa mtihani kama wanafunzi, na si wote waliopita.

Kutoka hapo ndipo ulikuja utaratibu unaotumika mpaka leo. Mpimaji anapewa kipande chenye mshono kama ule atakaoukuta kazini, haambiwi kasoro ziko wapi wala ni ngapi, na sehemu nyingine hazina kasoro yoyote, ili mtu asiokoe maisha kwa kusema kila mahali kuna ufa. Mishono ya vyuma tofauti ina mtihani wake wa peke yake, na watu wa fani wanajua ni kati ya ile migumu.

Gunia la unga mweupe

Sasa turudi kwa yule mshenga wa nikeli.

Oktoba 2000, mtambo wa V.C. Summer huko South Carolina ulikuwa umezimwa ili kubadilisha mafuta. Watu walipozunguka ndani kukagua, wakakuta unga mweupe umerundikana. Maji ya kinu hicho huwekwa asidi ya boroni ili kusaidia kudhibiti nyuklia, na maji yakivuja na kukauka, boroni hubaki kama chumvi. Unga huo ulikuwa zaidi ya kilo 90. Fikiria gunia zima la mahindi, ila ni unga uliotoka tone kwa tone kwenye ufa.

Chanzo kilikuwa mshono wa vyuma tofauti, pale bomba kubwa la maji moto linapokutana na pipa la kinu. Ukuta wa bomba hapo una unene wa karibu sentimita 6, na ufa ulikuwa umetoboa wote. Uvujaji wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba haukufikia kiwango cha kulazimisha mtambo uzimwe. Hakuna king'ora kilicholia. Aliyetoa siri ni unga.

Walipochimba sababu, wakakuta hadithi ambayo fundi yeyote wa jua kali ataielewa. Wakati wa ujenzi, mshono huo ulikuwa umeleta matatizo, ukakatwa kwa kusagwa, ukachomelewa tena. Kila ukichomelea upya, chuma kinapoa kikiwa kimevutwa kutoka ndani, kama kamba iliyokazwa na kufungwa hivyo hivyo. Weka maji moto juu ya mshono uliokazwa, ngoja miaka, na yule mshenga aliyesifiwa kuwa hasumbuliwi na kutu anaanza kupasuka kidogo kidogo. Haikuwa kutu ya kawaida ya kula chuma. Ni mkazo na maji vikifanya kazi pamoja.

Wakaingiza vifaa ndani ya mabomba kupima tena. Mbali na ultrasaundi, wakatumia mbinu nyingine inayozungusha umeme kwenye uso wa chuma, kama kisulisuli kidogo, na kusikia pale umeme huo unapokatizwa. Mbinu hiyo ikaonyesha vijufa vya juu juu ambavyo ultrasaundi haikuvinasa, hata kwenye mishono mingine. Mwishowe walikata kipande kizima cha bomba na kuweka kingine, wakitumia madini mapya ya kujazia yenye kromiamu karibu asilimia 30, karibu mara mbili ya yale yaliyopasuka.

Ungedhani somo limeisha. Wapi! Machi 2002, kwenye mtambo wa Davis-Besse huko Ohio, madini ya jamii hiyo hiyo ya nikeli yalipasuka kwenye vibomba vya kifuniko cha kinu. Asidi ikavuja na kula chuma cha kifuniko mpaka ikabaki ngozi ya stenlesi ya ndani, chini ya sentimita 1, ikizuia presha yote ile. Mwaka 2006, mtambo wa Wolf Creek huko Kansas ukakuta dalili za nyufa zinazozunguka bomba, ambazo ni hatari zaidi, kwa sababu ufa wa urefu unavuja lakini ufa wa kuzunguka unaweza kukata bomba lote.

Na hii ya mwisho ndiyo imenikaa. Mwaka 2012, mtambo wa North Anna huko Virginia. Walikuwa wanajiandaa kuimarisha mshono wa vyuma tofauti kwa kuuvika tabaka jipya la chuma. Wakaupima kwanza kwa mkono, kwa ultrasaundi. Safi. Wakaanza kuusaga kwa nje ili kuandaa uso, na maji yakaanza kutokeza. Baadaye, walipoupima upya kwa vifaa vinavyorekodi kila hatua ya kipimo, zikahesabiwa nyufa tano. Hii ni miaka 30 baada ya Nine Mile Point, na mitihani ile yote ilikuwa inafanywa.

Kwa nini nawaambia hizi story

Kuna mtu atasema: basi teknolojia haifanyi kazi. Hapana, sisemi hivyo. Katika visa hivyo vyote, hakuna bomba lililokatika na kuua watu, na sababu moja ni kwamba kulikuwa na zaidi ya jicho moja. Ultrasaundi ikikosa, unga unaonekana. Unga usipoonekana, kuna ratiba ya kurudi kupima. Na kila walipokosea, kosa liliandikwa hadharani. Ndiyo maana mimi, kijana wa ploti, ninaweza kulisoma nikiwa kwa simu yangu.

Hapo ndipo nataka tufikirie nyumbani. Kenya imekuwa ikizungumzia kujenga mtambo wa nyuklia. Kwanza ilitajwa Uyombo, Kilifi, na wakazi wakapinga. Baadaye macho yakaelekea Siaya. Mjadala wetu umekuwa wa pande mbili: wengine wanasema nyuklia ni kifo, wengine wanasema tunahitaji stima na wanaopinga ni washamba. Sijaona watu wengi wakiuliza swali la katikati: nani atapima mishono, nani atawapa hao wapimaji mtihani, na je, wakianguka tutaambiwa?

Na si nyuklia pekee. Tuna mabomba ya mvuke, boila za viwanda, matangi ya mafuta. Mwaka 2011 pale Sinai, Nairobi, petroli iliyovuja kutoka kwa bomba iliwaka na zaidi ya watu 100 wakafa. Chanzo hakikuwa mshono wa vyuma tofauti, sitaki kudanganya. Lakini ilituonyesha nani hulipa kwanza kitu kikivuja: jirani maskini anayeishi karibu, ambaye hajawahi kuonyeshwa ripoti yoyote.

Sisi tumezoea neno "imekaguliwa". Jengo limekaguliwa. Matatu imekaguliwa, stika iko kwa kioo. Tukishasikia neno hilo tunanyamaza. Historia hii inasema neno hilo peke yake halitoshi. Uliza ilikaguliwa kwa njia gani. Uliza njia hiyo inaweza kukosa nini. Uliza aliyekagua alipimwa lini, kwa kipande gani, na nani aliyeficha kasoro humo.

Na kama uko form four unashangaa ufanye kozi gani, au uko TVET unasomea welding na watu wanakuchekelea, hebu angalia upande huu. Kupima vyuma bila kuviharibu ni kazi ya kweli, ina vyeti, na inahitaji mtu mvumilivu asiyeogopa kusema "hapa sina uhakika". Kwa maoni yangu tunahitaji hao wengi, na tuwahitaji kabla ya mitambo kufika, si baada.

Reli yetu ilirekebishwa. Fundi alikuja mwingine, mzee kidogo. Kabla hajachomelea chochote alizunguka ngazi yote akigonga kila ungo kwa nyundo ndogo, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mama mmoja akamwambia, "Fundi, si zile zingine ziko sawa?" Akajibu, "Mama, hata hii iliyoanguka ilikuwa sawa." Akapata mbili zaidi.